Sura iliyouzwa pamoja na sigara

Wakulima wa Migori, na baadhi ya majirani zao wa Homa Bay, wamelima tumbaku kwa miongo mingi. Wanafunzi wa huko huliona jani likikaushwa bandani, lakini ni wachache waliosoma kwamba sigara iliwahi kuuzwa pamoja na sura ya mtu aliyekuwa akipokonywa ardhi yake. Mtu huyo ni Sitting Bull, kiongozi wa Walakota wa Marekani.

Alizaliwa yapata mwaka 1831. Mkataba wa 1868 uliwahakikishia Walakota milima ya Black Hills. Dhahabu ilipogunduliwa humo mwaka 1874, mkataba ukageuka karatasi tupu. Sitting Bull alikataa kuhama. Mnamo Juni 25, 1876, Walakota na wenzao Wacheyenne walikishinda kikosi cha Custer kando ya mto Little Bighorn. Baadaye alikimbilia Kanada, njaa ikamrudisha, akajisalimisha mwaka 1881. Mwaka 1885 alizungushwa mijini kwa miezi minne katika maonyesho ya Buffalo Bill, kwa malipo ya dola 50 kwa wiki.

Mwaka 1888 kampuni ya Allen & Ginter ya Richmond, Virginia, ilitoa mfululizo wa kadi 50 za machifu wa wenyeji wa asili wa Marekani, zilizotiwa katika pakiti za sigara. Sitting Bull alikuwamo. Watu walizikusanya kama pambo, na adui wa jana akawa kumbukumbu ya kupendeza. Mwaka 1889 hifadhi kuu ya Walakota iligawanywa vipande, na mamilioni ya ekari yakachukuliwa. Desemba 15, 1890, polisi waliotumwa kumkamata huko Standing Rock walimwua kwa risasi.

Hapo ndipo penye siasa ya picha. Chifu aliyechorwa kama masalia ya kale haonekani tena kuwa mwenye haki ya kudai shamba leo, na nchi ya magharibi huonekana tupu, ikiwangoja wajasiri. Nasi Afrika Mashariki tumeona shujaa wa Kimaasai akipamba kadi za posta za watalii, huku kesi za malisho yake zikisahauliwa.

Kwa hiyo, walimu wetu wasiridhike kumwonyesha mwanafunzi picha ya kihistoria. Wamfundishe kuuliza ni nani aliyeichora, ni nani aliyeiuza, na aliyechorwa alipoteza nini mwaka ule ule. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza hivyo hatadanganywa kwa urahisi na picha yoyote, hata iliyobandikwa ukutani wakati wa uchaguzi.