Georg Simon Ohm (1789–1854)

Kila mtahiniwa wa Fizikia anaijua Kanuni ya Ohm, lakini wachache wanajua kwamba mwenye kanuni aliikosea mara ya kwanza, na kwamba kosa lilitoka kwenye betri yake.

Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 mjini Erlangen, katika Ujerumani ya leo. Baba yake, Johann Wolfgang, alikuwa fundi wa kufuli aliyejifundisha hisabati mwenyewe, kisha akawafundisha wanawe Georg na Martin. Mwaka 1805 Georg aliingia chuo kikuu, akapenda dansi na biliadi kuliko vitabu. Baba alikasirika, na kijana akaenda Uswisi kufundisha hisabati. Alirudi baadaye, akapata shahada ya udaktari mwaka 1811.

Mwaka 1817 aliajiriwa kuwa mwalimu wa sekondari mjini Cologne. Shule ile ilikuwa na maabara nzuri, na Ohm, mtoto wa fundi, aliweza kujitengenezea vifaa alivyovihitaji. Swali lake lilikuwa rahisi kulisema: waya ukirefushwa, mkondo wa umeme unapungua kwa kiasi gani?

Akachukua betri ya siku zile, yaani sahani za metali zilizopangwa pamoja na majimaji, akaifunga waya za urefu tofauti, mmoja baada ya mwingine. Waya hizo ndizo zilizokuwa mzigo wa betri. Shida ni kwamba chanzo chenyewe hakikutulia. Kila mkondo ulipovutwa, nguvu ya betri ilishuka, kwa hiyo Ohm alikuwa akipima waya na uchovu wa betri kwa pamoja. Mwaka 1825 alichapisha kanuni yenye logi ndani yake. Haikuwa sahihi.

Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia, alimshauri atumie chanzo cha aina nyingine kilichogunduliwa na Seebeck miaka michache tu kabla. Ohm akaunganisha kipande cha bismathi na shaba, kiungo kimoja akakiweka kwenye maji yanayochemka, kingine kwenye barafu inayoyeyuka. Maadamu joto la pande zote mbili halibadiliki, nguvu ya umeme nayo haibadiliki. Mkondo aliupima kwa sindano ya sumaku iliyoning'inizwa kwenye utepe mwembamba wa metali.

Mwanzoni mwa mwaka 1826 alipima waya nane za shaba zenye unene mmoja, kuanzia inchi 2 hadi inchi 130. Safari hii namba zilikubali. Katika seti moja ya vipimo, mkondo ulikuwa sawa na 7285 ukigawanywa kwa jumla ya 20.25 na urefu wa waya. Chukua kikokotoo ujaribu: kwa inchi 130 utapata 48.5, na ndivyo kifaa chake kilivyosoma.

Hiyo 20.25 isikupite. Ni ukinzani wa chanzo na viungo vyake, ukihesabiwa kama inchi za waya uleule. Kwenye mtihani unaiandika r katika E = I(R + r), na ndipo watahiniwa wengi wanapopoteza alama kwa kuisahau. Fundi wa leo anayepima pawasaplai ya kompyuta kwa kuifunga balbu za gari anatafuta jambo hilohilo. Bila mzigo, hata pawasaplai mbovu inaweza kuonyesha volti 12 kamili. Balbu zikiwaka ndipo volti zinaposhuka na ubovu ukaonekana.

Ohm alitoa kitabu chake mwaka 1827 mjini Berlin. Kilijaa hisabati nzito, na wanasayansi wengi wa Ujerumani hawakukijali. Aliacha kazi ya Cologne, akaishi Berlin kwa vibarua vya kufundisha hadi mwaka 1833, alipopata nafasi Nuremberg. Heshima ilitoka kwanza ugenini: mwaka 1841 Royal Society ya London ilimtunuku medali ya Copley. Uprofesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Munich aliupata mwaka 1852, akiwa na miaka 63. Alifariki mjini humo tarehe 6 Julai 1854. Mwaka 1881 mkutano wa kimataifa wa umeme mjini Paris uliidhinisha jina lake liwe la yuniti ya ukinzani.