Borel na fumbo la tarakimu zisizokoma

MWANAHISABATI Émile Borel alifariki jijini Paris mnamo Februari 3, 1956, akiwa na umri wa miaka 85, na kuacha swali ambalo halijapata jibu hadi leo: je, desimali ya kipeuo cha pili cha 2 hubeba kila mfuatano wa tarakimu?

Wengi huamini kwamba ndani ya pai, ile nambari ianzayo 3.14159, mtu mwenye subira hatimaye ataipata nambari ya kitambulisho chake. Kweli, Johann Lambert alithibitisha mwaka 1761 kuwa tarakimu za pai hazina mzunguko. Hata hivyo, kutojirudia si sawa na kubeba kila kitu. Nambari 0.101001000100001, ambayo sufuri zake huongezeka kwa moja kila hatua, haikomi wala haijirudii, lakini tarakimu 2 haitokei humo kamwe.

Borel, mwana wa mchungaji wa Kiprotestanti, alizaliwa Januari 7, 1871 mjini Saint-Affrique, kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1889 alijiunga na chuo cha École Normale Supérieure, akaibuka kuwa mmoja wa magwiji wa hisabati ya uwezekano.

Ugunduzi wake wa mwaka 1909 waweza kuelezwa kwa mfano wa Hospitali ya Kujifungua ya Pumwani, Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1926. Tuseme karani anaandika 1 kila azaliwapo mvulana na 0 azaliwapo msichana, na kwamba uwezekano wa kila mmoja ni sawa. Lau daftari hilo lingeendelea milele, mpangilio wowote, hata wa wasichana mia moja mfululizo, ungetokea siku moja.

Borel alionyesha kuwa ndivyo zilivyo takriban desimali zote: nambari ikiokotwa kwa nasibu, uwezekano wa kukosa mfuatano wowote ni sufuri. Ajabu ni kwamba kuitaja moja kwa jina na kuithibitisha ni kazi ngumu. Mwaka 1933 David Champernowne, akiwa mwanafunzi Cambridge, alipata moja kwa kupanga nambari zote kwa zamu: 0.123456789101112 na kuendelea.

Borel hakujifungia vitabuni. Alikuwa mbunge kuanzia 1924 hadi 1936 na Waziri wa Jeshi la Wanamaji mwaka 1925, kisha akasaidia kuanzisha Taasisi ya Henri Poincaré mwaka 1928. Mwaka 1941, Ufaransa ikiwa imekaliwa na Wajerumani, alitiwa gerezani kwa muda.

Mnamo 1950, akikaribia miaka 80, alilirudia swali lake kwa kuchunguza kipeuo cha pili cha 2. Alidhani tarakimu zake hutokea kwa usawa, ila hakupata thibitisho.

Kompyuta zimekwisha kukokotoa matrilioni ya tarakimu za pai, na hakuna dalili ya upendeleo iliyoonekana. Lakini matrilioni si kitu mbele ya kisicho na mwisho. Anayedai kwamba pai ina kila nambari ya kitambulisho huenda akawa sahihi. Alicho nacho kwa sasa ni imani, si thibitisho.