Mackinder, Mzungu Aliyeifuata Theluji kwa Njia ya Ruiru na Thika

Siku hizi wenye mali zao wamezua matembezi ambayo mtu wa Lamu au wa Mvita akiyasikia kwa mara ya kwanza hustaghafiru. Mwezi wa Disemba uingiapo, badala ya kuikimbia baridi wao huifuata kwao. Hupanda ndege hadi Rovaniemi katika nchi ya Ufini, au Tromsø kule Norwei, mji ambao tangu mwisho wa Novemba hata katikati ya Januari jua halichomozi asilani. Huko hujifunika manyoya hata mtu asijulikane ni mume au mke, wakavutwa na mbwa juu ya theluji kwa magari yasiyokuwa na magurudumu, na usiku wakalala katika vibanda vya kioo wakingojea mianga ya kijani icheze mbinguni. Kwa yote hayo hulipa fedha ambazo kwa kwetu zingetosha kuoza mwana.

Tusiwacheke upesi. Theluji ina mvuto wake, na wetu sisi umekuwako muda mrefu kuliko ndege. Mkaaji wa Ruiru au wa Thika, asubuhi ya Januari au Februari, akiamka mapema kabla mawingu hayajapanda na kutazama upande wa kaskazini, humwona Kirinyaga amesimama na weupe wake kichwani. Saa tatu ikifika mara nyingi pazia limekwisha kuteremshwa. (Hapa niseme neno moja, maana watu hulichanganya: maji ya mto Thika na ya Chania hayatoki katika theluji ile. Hayo hutoka Nyandarua.)

Nasi watu wa pwani tunayo sehemu yetu katika kisa cha weupe huo. Rebmann aliyekaa Rabai ndiye aliyepeleka Ulaya habari za theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na mwaka uliofuata mwenzake Krapf akauona Mlima Kenya kutoka Ukambani. Wataalamu wa London, waliokuwa wamekaa vitini pao, walikataa katakata. Walisema theluji haiwezi kukaa chini ya jua la ikweta, na kwamba wamishenari wale macho yamewadanganya. Ubishi huo ulichukua miaka.

Mtu tunayetaka kumweleza leo alizaliwa baada ya ubishi huo kuanza, naye ndiye aliyekuja kuikanyaga theluji yenyewe hadi ncha ya juu. Jina lake Halford John Mackinder. Alizaliwa tarehe 15 Februari, 1861, katika mji mdogo wa Gainsborough, Uingereza, baba yake akiwa daktari. Yasemekana kwamba alipokuwa mtoto wa miaka tisa ndiye aliyeleta nyumbani habari ya kushindwa Wafaransa na Wajerumani huko Sedan, aliyoisoma imebandikwa mlangoni mwa posta. Tangu utoto basi alikuwa mtu wa ramani na mipaka. Alisoma Oxford, kwanza elimu ya viumbe kisha historia, na mwaka 1887 Chuo hicho kikampa kazi ya kufundisha jiografia, somo ambalo wakubwa wengi wa vyuo wakati ule hawakuliona kuwa elimu. Kwao jiografia ilikuwa ni majina ya mito na miji ya kukaririshwa watoto.

Hapo ndipo penye shina la safari yake. Mackinder alikuwa msemaji hodari, lakini watu wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia waliokuwa wakimsikiliza walikuwa mabaharia na wasafiri, waliokonda kwa homa na kuchomwa jua. Mtu asiyekwenda popote akiwafundisha dunia, walimtazama kwa pembe ya jicho. Alihitaji tendo. Kilimanjaro kilikuwa kimekwisha kupandwa na Mjerumani Hans Meyer mwaka 1889, na ikavuma kwamba Mjerumani yule yule anautamani na Mlima Kenya. Mackinder hakuwa mpanda milima. Alikwenda kwenye milima ya Alps mwaka 1898 kujifunza kamba na shoka la barafu, kama mtu mzima anayeanza chuo kwa alifu na be. Kisha akaipanga safari ya Kenya iingie katika likizo yake ya chuo. Ndiyo, msomaji: wakati ambapo walimu wenzake walikwenda kuvua samaki, yeye alikwenda kuitafuta theluji ya ikweta, akitumaini kurudi kwa wanafunzi wake.

Jambo lililomwezesha ni reli. Mwisho wa Mei, 1899, chuma kilikuwa kimefika Nairobi, mahali palipokuwa na mahema, matope na mabanda ya mabati. Waliomtangulia, kina Teleki mwaka 1887 na Gregory mwaka 1893, walitoka pwani kwa miguu. Mackinder alipanda gari la moshi.

Mwezi wa Julai msafara ukaondoka Nairobi. Wazungu walikuwa 6. Yeye mwenyewe, Hausburg aliyekuwa jamaa wa mkewe na mpiga picha, Saunders mkusanyaji wa mimea, Camburn mchuna ngozi za wanyama na ndege, na Wataliano wawili wa milimani, César Ollier na Joseph Brocherel. Nyuma yao Waswahili 66, Wamasai 2 wa kuonyesha njia, na Wakikuyu 96. Neno hili Waswahili lisitupite hivi hivi. Zamani zile kila mtu wa pwani aliyechukua mzigo wa Mzungu alikuwa Mswahili katika daftari, awe Mngazija, Myao, Mmanyema au mzaliwa wa Mvita khasa. Waliandikwa Mombasa na Unguja, wakipewa posho na ahadi ya mshahara, na ndio walioibeba Afrika ya ndani kichwani mpaka Wazungu wakaweza kuichora.

Kutoka Nairobi kwenda upande wa Murang'a huna njia ya kuikwepa mito inayoteremka kutoka Nyandarua. Ruiru, kisha Thika na Chania, na mingine midogo, bonde baada ya bonde. Leo mwenye gari huipita yote hiyo kwenye barabara kuu iliyofunguliwa mwaka 2012 asijue hata alipovuka. Mwaka 1899 hapakuwa na mji wa Thika wala wa Ruiru, wala mashamba ya kahawa. Reli ya Thika yenyewe ilikuja mwaka 1913. Palikuwa na nyasi ndefu, wanyama, na kando ya misitu vijiji vya Wakikuyu.

Na vijiji hivyo vilikuwa katika msiba. Mvua zilikuwa zimekosekana, nzige na sotoka vilikuwa vimekwisha kupita, na sasa ndui ikaja juu ya njaa. Wazee wa Kikuyu wanaikumbuka njaa ile kwa jina la Ruraya, yaani njaa ya Ulaya, kwa kuwa ilifuatana na kuingia Wazungu. Katika sehemu za kusini, Kiambu na pande hizi za Ruiru, watu wengi walikufa na waliosalia wakahamia kwa jamaa zao kaskazini. Ardhi iliyobaki bila moshi wa jikoni ndiyo ambayo baadaye walowezi waliikuta, wakasema haina mwenyewe. Lakini hicho ni kisa cha siku nyingine.

Sasa fikiri. Watu zaidi ya 160 wanapita katika nchi yenye njaa, na kila jioni wanataka unga. Chakula hakipo, na palipo na kidogo mwenyewe anakificha kwa ajili ya wanawe. Baadhi ya wapagazi walitoroka, wengine wakaiba, na wenye vijiji wakawa na uchungu. Msafara ulipofika chini ya mlima tarehe 18 Agosti ulikuwa hauna akiba, na wapagazi wawili wakauawa na wenyeji. Ikabidi Saunders apelekwe Naivasha, mwendo wa siku kadhaa, kumwomba ofisa wa serikali, Kapteni Gorges, msaada wa chakula. Ukiisoma habari hii kwa haki huwezi kumlaumu Mkikuyu aliyekuwa akilinda kibaba chake, wala mpagazi aliyekuwa na tumbo tupu na mzigo kichwani. Wote wawili waliletwa pale na shauku ya mtu wa tatu.

Mtu wa tatu mwenyewe hakungoja. Alipanda, akapita msitu na mianzi, akafanya kambi yake katika bonde la Höhnel, mita 3,142 juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu wa pwani, mahali hapo usiku ni adhabu. Maji hushika barafu kwenye sufuria, na moto wa kuni mbichi hutoa moshi mwingi kuliko joto. Tarehe 30 Agosti alijaribu mara ya kwanza pamoja na Wataliano wake wawili. Walifika karibu, zikisalia mita zisizozidi 100 kukifikia kilele kidogo, jua likawachwea wakarudi. Siku chache baadaye wenzake wakauzunguka mlima wote kutafuta njia nyepesi, wasiione. Tarehe 11 Septemba Ollier na Brocherel wakajaribu peke yao, wakarudishwa na tufani ya theluji.

Hatimaye Saunders akarudi na chakula, na Mackinder akajitupa tena. Walivuka mto wa barafu wa Lewis, wakaparamia ukuta wa jabali, na usiku ukawakuta wamejibanza juu ya mwamba, wakingoja alfajiri. Kulipokucha walikuta mbele yao kipande cha barafu kilichoning'inia baina ya vilele viwili, kigumu hata shoka likawa linadunda. Kwa ugumu wake akakiita Almasi, jina ambalo kimebaki nalo. Ollier akachonga ngazi moja moja kwa saa nyingi, na wale wawili wakimfuata kwa kamba. Saa sita za mchana, tarehe 13 Septemba, 1899, wakasimama juu, mita 5,199. Walikaa muda mfupi usiotimia saa, kisha wakashuka kwa njia ile ile. Hakuna aliyefika tena hapo mpaka Shipton na Wyn-Harris mwaka 1929, karibu miaka 30.

Kilele akakiita Batian na cha pili Nelion, kwa majina ya wakubwa wa Kimasai, na kwa hilo apewe haki yake, maana wengine wangekiita kwa jina la malkia wao. Lakini mito mingi ya barafu ilipewa majina ya wataalamu ambao hawakuwahi kuiona. Ollier na Brocherel nao wakapata kila mmoja wake, Hausburg akapata bonde, na bonde jingine likawa la Mackinder mwenyewe. Katika Waswahili 66 hakuna hata mmoja aliyepewa jiwe.

Alirudi Uingereza, na mwaka 1900 akaisoma habari ya safari yake mbele ya Jumuiya ile, akapigiwa makofi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia kwamba hajasafiri. Ndoa yake haikudumu baada ya hapo, lakini cheo kilipanda. Aliongoza Chuo cha Uchumi cha London tangu 1903 hata 1908, akawa mbunge wa upande wa Glasgow tangu 1910 mpaka 1922, na mwaka 1919 serikali yake ikamtuma kusini mwa Urusi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1920 akapewa cheo cha Sir.

Jina lake lakini limebaki kwa hotuba moja ya Januari, 1904. Alisema kwamba moyo wa dunia ni bara lile pana la Urusi na Asia ya kati, ambalo mito yake mikubwa humwagika katika bahari ya Aktiki iliyoganda, au katika maziwa yasiyotoka popote, hata manowari za Waingereza haziwezi kuingia. Barafu ndiyo boma lake. Majenerali na wanasiasa wa mataifa mengi wameichukua nadharia hiyo, Wajerumani wa baina ya vita viwili wakiwa mbele. Mimi naona si ajabu mtu aliyewahi kuzuiliwa wiki mbili na ukuta wa barafu akaja kuihesabu barafu kuwa ngome.

Mackinder alikufa tarehe 6 Machi, 1947, na umri wa miaka 86. Kitabu kamili cha safari yake ya Kenya hakukitoa maishani mwake, kilichapishwa mwaka 1991. Na katika karatasi zilizohusu safari hiyo mna orodha ya wapagazi, na kando ya majina 8 pameandikwa kwamba walipigwa risasi kwa amri. Katika hotuba yake ya 1900 jambo hilo hakulitaja. Wako wanachuoni wanaosema ni yeye au wasaidizi wake waliotoa amri ili kuwatisha wengine wasitoroke, na wako wanaosema maneno machache kando ya orodha hayatoshi kumhukumu maiti. Orodha yenyewe ipo, na watu 8 wale walitoka katika vitongoji vyetu au walikuwa wakisema lugha yetu.

Mto wa barafu wa Lewis, aliouvuka kwa kamba na shoka, umeyeyuka hata umebaki vipande. Kambi iliyo katika bonde la Teleki, wanakolala wageni wanaokwenda kuitazama theluji kabla haijaisha, inaitwa kambi ya Mackinder. Mizigo yao hupandishwa na wapagazi.