Alan Freed na Chai ya Watangazaji

Mkono mtupu haulambwi. Kwenye redio zetu za Pwani methali hii haisemwi, hutendwa. Kijana amerekodi wimbo wake studio ya mtaani, ameuleta kituoni kwenye flashi, na flashi ikija peke yake bila ya kitu cha kuisindikiza hulala kwenye droo mpaka mwenyewe akate tamaa. Watu wa redio huiita chai. Wasanii wana majina mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Kila mjadala huu unapozuka barazani, mimi humkumbuka mzungu mmoja aliyekufa zaidi ya nusu karne iliyopita. Skendo iliyommaliza ndiyo iliyowafanya Wamarekani watunge sheria juu ya chai ya redio. Na kila anayemtaja humtaja nusu: ama shujaa, ama mla rushwa. Leo nataka tumuone mzima mzima.

Jina lake Alan Freed. Alizaliwa tarehe 15 Desemba 1921 jimbo la Pennsylvania, Marekani, baba Myahudi mhamiaji, akakulia mji mdogo wa Salem, Ohio. Shuleni alipiga trombone na akawa na bendi yake. Ndoto ilikuwa muziki. Riziki ikaja kwa mdomo.

Alianza mwaka 1942 kwenye kituo cha WKST, mji wa New Castle, akipiga santuri za muziki wa klasiki wa Ulaya. Kutoka hapo akaenda Youngstown kutangaza michezo, na mwaka 1945 akaingia WAKR ya Akron, mji wa viwanda vya matairi, kwao Goodyear na Firestone. Wasomaji waliowahi kufanya kazi redio ndogo watayajua maisha hayo bila ya kuelezwa. Mtangazaji ndiye msoma habari, ndiye msoma matangazo ya biashara, ndiye anayechagua nyimbo, na duka likifungua tawi jipya ndiye anayetumwa kusimama mlangoni kuita wateja. Mshahara ni mdogo, lakini jina ni kubwa. Vijana wa Akron walimpenda Freed kwenye kipindi cha nyimbo za maombi, na yeye akajua kwamba anapendwa.

Hapo ndipo alipopata funzo lake la kwanza kuhusu wenye redio. Aliomba nyongeza, hakupewa, akahamia kituo jirani cha WADC. WAKR wakatoa mkataba wakaenda nao mahakamani. Mkataba ulisema akiondoka hawezi kutangaza kwingine ndani ya maili 75 kwa mwaka mzima, na korti ikaukubali. Maili 75 ni kama kilomita 120. Yaani ni kama mtangazaji wa Mombasa aambiwe sauti yake isisikike kituo chochote kutoka hapa mpaka Malindi. Bwana huyu alikuwa na mke na watoto, na kazi aliyoijua ilikuwa hiyo moja. (Wetu wengi hapa hawana hata huo mkataba wa kuwafunga. Wanafungwa kwa ahadi, na posho ya mwisho wa mwezi isiyojulikana itafika lini.)

Akaangukia Cleveland, na hapo mambo yakabadilika. Mjini humo kulikuwa na mwenye duka la santuri, Leo Mintz, duka lake likiitwa Record Rendezvous. Mintz aliona jambo dukani kwake. Vijana wa kizungu walikuwa wakiingia kununua santuri za watu weusi, zile za rhythm and blues ambazo redio za wazungu hazikuzigusa. Akamshauri Freed azipige, na yeye Mintz akalipia muda wa hewani. Mwezi wa Julai 1951 Freed akaanza kipindi cha usiku kwenye WJW. Alijiita Moondog, na hakukaa kitako kama msoma taazia. Alibweka kama mbwa, alipiga kengele ya ng'ombe, alitwanga kitabu cha simu kwa mkono kufuata ngoma huku maikrofoni iko wazi. Wasikilizaji wengi walidhani ni mtu mweusi.

Muziki huo akauita rock and roll. Neno hakulibuni yeye. Watu weusi walikuwa nalo zamani, na maana yake moja si ya kusemwa mbele ya wakwe. Alilolifanya ni kulirudia usiku baada ya usiku mpaka likawa jina.

Tarehe 21 Machi 1952 aliitisha tamasha kwenye ukumbi wa Cleveland Arena. Ukumbi ulikuwa wa watu kama 10,000. Waliofika walikadiriwa kuwa 20,000 au zaidi, wengi wao weusi, wengine wana tiketi na hakuna pa kuwaweka. Milango ilivunjwa. Mwanamuziki wa kwanza, Paul Williams, hakufika mbali kabla ya polisi na zimamoto kusimamisha shughuli. Freed akarudi hewani akawaomba radhi wasikilizaji wake. Wengi huyataja hayo kuwa ndiyo tamasha la kwanza la rock and roll duniani, nalo halikumaliza hata saa yake.

Mwaka uliofuata alipata ajali mbaya ya gari, akavunjika uso na kuumia viungo vya ndani. Kwa mtu aliyependa pombe kama yeye, ilikuwa hatari juu ya hatari. Lakini hakunyamaza.

Mwaka 1954 New York ikamuita, kituo cha WINS. Kufika tu akashtakiwa. Mjini kulikuwa na mwanamuziki kipofu, Louis Hardin, aliyesimama njiani Manhattan na kujiita Moondog kabla ya Freed kulisikia jina hilo. Freed alikuwa akipiga santuri ya kipofu huyo kama kibwagizo cha kipindi chake na jina amelichukua. Hardin alishinda kesi. Freed akaacha Moondog na kuanza kukiita kipindi chake kwa jina la rock and roll, hata likavuma zaidi.

Sasa nifike kwenye wema wake, maana hapa ndipo wanaomshutumu huruka. Miaka hiyo, mtu mweusi akitoa wimbo ukapendwa, kampuni kubwa zilimchukua mwimbaji wa kizungu akaurudia wimbo ule ule, na redio zikapiga ule wa pili. Fats Domino alitoa Ain't That a Shame mwaka 1955. Pat Boone akaurudia, akafika juu kuliko mwenyewe. Freed alikataa mchezo huo. Alipiga asili. Kwenye matamasha yake pale Brooklyn, weusi na weupe waliingia mlango mmoja na kukaa viti vya jirani, Marekani ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa bado ina mabasi ya kutenga watu kwa rangi. Mwaka 1957 alipewa kipindi cha televisheni na ABC. Katika kipindi kimoja mwimbaji kijana Frankie Lymon, mweusi, alionekana akicheza na msichana wa kizungu. Vituo vya kusini vikaja juu, na kipindi kikafa muda mfupi baadaye. Mtu anayetafuta pesa tu angejifunza kuepuka mambo hayo. Yeye hakujifunza.

Lakini wasanii hao hao aliowatetea ndio aliowala.

Alipokuwa Cleveland alilisimamia kundi la vijana weusi, akawapa jina la Moonglows kufuata lile lake la Moondog. Wimbo wao Sincerely ulitoka mwaka 1954, na kwenye karatasi ya santuri watunzi ni wawili: Harvey Fuqua wa kundi hilo, na Alan Freed. Akina dada wa kizungu, McGuire Sisters, wakaurudia ukafika namba moja, na mtunzi hulipwa kila wimbo wake unaporudiwa. Kwa hiyo mtangazaji aliyekataa kupiga nyimbo za kurudia alikuwa na fungu lake kwenye moja kubwa kabisa ya mwaka huo.

Kisha Chuck Berry. Mwaka 1955 Berry alirekodi Maybellene kwa kampuni ya Chess ya Chicago, wimbo wake wa kwanza. Freed aliupiga na kuupiga tena New York, ukapaa. Santuri ilipotoka, watunzi walikuwa watatu: Berry, Freed, na mtu mmoja aliyekuwa akiikopesha Chess pesa, Russ Fratto. Berry hakuulizwa. Aliandika wimbo peke yake na akalipwa theluthi.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Tunaposema rushwa ya redio, tunafikiria bahasha. Bahasha hutoka kwa kampuni, na kampuni huihesabu kama gharama ya biashara. Jina kwenye karatasi ni jambo jingine. Hilo hutoka mfukoni mwa aliyetunga, na huendelea kutoka kila wimbo unapopigwa, miaka nenda miaka rudi, hata baada ya mlaji kuzikwa. Hapa kwetu nimesikia vijana wakilalamika kwamba mtu wa redio aliomba awekwe kwenye wimbo kwa sauti ya salamu mbili, kisha akadai ni mshirika. Watu huona ni mzaha. Kwangu ni dhuluma nzito kuliko bahasha, kwa sababu bahasha hutolewa na mwenye nacho, na hii hutolewa na asiye nacho.

Turudi kwa Freed. Tarehe 3 Mei 1958 alikuwa na tamasha Boston. Polisi wakawasha taa katikati ya muziki, yeye akawaambia watazamaji kwamba polisi hawataki wafurahi. Nje kukazuka vurugu, na akashtakiwa kuchochea fujo. Mashtaka hayo baadaye yalifutwa, lakini mawakili hawafanyi kazi kwa dua. WINS hawakusimama naye. Akajiuzulu, akahamia WABC.

Mwishoni mwa 1959 Bunge la Marekani lilikuwa limetoka kufichua udanganyifu kwenye mashindano ya maswali ya televisheni, likageukia redio. Chai yao waliiita payola. WABC wakamletea Freed karatasi atie sahihi kwamba hajawahi kupokea pesa ya kupiga wimbo. Alikataa. Alijitetea kwamba malipo aliyopokea yalikuwa ya ushauri, lakini karatasi ile hakuitia mkono. Novemba 1959 kibarua kikaota nyasi.

Mwenzake Dick Clark, mtangazaji wa televisheni wa ABC hiyo hiyo, alikuwa na hisa kwenye kampuni za muziki ambao aliupiga. Yeye aliambiwa auze hisa, akauza, akaenda mbele ya kamati amevaa vizuri na kusema kwa adabu, akabaki kwenye televisheni miaka mingi mno. Sisemi Clark alikuwa na hatia ya Freed. Nasema mmoja alikuwa na mali ambayo mwajiri alitaka kuilinda, na mwingine alikuwa mlevi, mbishi, na rafiki wa watu weusi.

Mwaka 1960 Freed alikamatwa New York pamoja na wenzake kadhaa. Wakati alipopokea pesa hizo hakukuwa na sheria ya taifa iliyokataza payola. Hiyo ilipitishwa mwaka huo wa 1960, baada ya tukio. Walimshtaki kwa sheria ya jimbo ya hongo ya biashara. Desemba 1962 alikiri makosa mawili, akatozwa faini ya dola 300 na kifungo cha nje. Dola 300! Kampuni zilizotoa pesa ziliendelea kutoa santuri. Hakuna shtaka hata moja lililotaja Maybellene wala Sincerely. Mbele ya sheria, jina lake kwenye wimbo wa mtu mwingine lilikuwa halali kabisa.

Miaka ya mwisho alizunguka kama alivyoanza, kituo hiki na kile: KDAY kule Los Angeles, WQAM Miami, muda mfupi mfupi. Hakuna aliyetaka kumshika. Mwaka 1964 akaja mtu wa kodi, akimdai karibu dola 38,000 kwa pesa za 1957 hadi 1959, zikiwemo zile zile za chai. Tarehe 20 Januari 1965 alifariki hospitali ya Palm Springs, California, ini limekufa kwa pombe. Alikuwa na miaka 43. Ni umri wangu, na siufichi mshituko nilioupata nilipolipiga hesabu hilo.

Hata majivu yake hayakutulia. Mwaka 2002 yalipelekwa Cleveland kwenye jumba la makumbusho la rock and roll, jumba ambalo lisingejengwa mji huo bila yake. Mwaka 2014 jumba likaiambia familia iyaondoe. Mwaka 2016 yakawekwa makaburi ya Lake View, mjini humo humo, chini ya jiwe lililochongwa mfano wa mashine ya kupigia santuri.

Jumba hilo lilipoingiza majina ya kwanza kabisa ya heshima, mwaka 1986, Chuck Berry alikuwamo, na Alan Freed alikuwamo. Mwaka huo huo jina la Freed liliondolewa kwenye Maybellene, na wimbo ukarudi kwa mwenyewe, miaka 31 tangu utoke.