Gari la Paundi 250

Wengi wetu tunaosoma Ualimu wa Baiolojia tunamjua Denis Burkitt kama jina la saratani. Burkitt limfoma, basi, tunafunga daftari. Mimi nilianza kumfuatilia nikiwa fildi Karatu, kwa sababu kila nilichosoma kuhusu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi na bakteria wa matumboni mwao kilinirudisha kwa huyu bwana, aliyefariki kabla sijazaliwa.

Alizaliwa mwaka 1911 Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali ya mawe. Alianza uhandisi Dublin, akauacha, akahamia udaktari. Alipoomba kazi ya serikali ya kikoloni Afrika walimkataa: daktari wa upasuaji mwenye jicho moja atashonaje watu? Vita Kuu ya Pili ikamleta Afrika Mashariki kama daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akapata kazi Uganda, kwanza Lira, baadaye Mulago, Kampala.

Mulago ndipo mwaka 1957 alipoitwa kumwona mtoto mwenye uvimbe wa ajabu kwenye taya. Muda si mrefu akakutana na mwingine Jinja. Daktari mwingine angeandika ripoti na kuendelea na zamu. Yeye alichapisha vipeperushi vyenye picha, akavituma kwa posta kwenye hospitali za Afrika kuuliza nani kauona uvimbe huo. Majibu yakamchorea ramani. Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda Ford mkweche iliyonunuliwa kwa paundi 250, wakaenda takriban maili 10,000 kwa wiki 10, kutoka Uganda mpaka kusini mwa Afrika na kurudi, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Ramani ilifuata joto na mvua, yaani nchi za malaria. Kule London, Anthony Epstein, aliyewahi kumsikia akihutubia, akatafuta kirusi ndani ya uvimbe huo. Mwaka 1964 kikaonekana.

Hapo wengi wanaishia. Kwangu mimi utamu unaanza baada ya yeye kurudi Uingereza mwaka 1966. Alijiuliza kwa nini hospitali za huko zimejaa kidole tumbo, bawasiri na saratani ya utumbo mpana, magonjwa ambayo Uganda aliyaona kwa nadra. Akarudia mbinu ileile ya dodoso na stempu. Kisha yeye na wenzake wakawamezesha watu vidonge vidogo vinavyoonekana kwa eksirei, na wakapima choo kilichotoka. Ndiyo, choo, kwenye mizani. Matokeo ya 1972: wanavijiji wa Uganda wastani wa gramu 470 kwa siku, mabaharia wa jeshi la Uingereza gramu 104. Chakula cha mwanakijiji kilipita mwilini kwa saa 36 hivi, cha baharia zaidi ya saa 80. Tofauti, kwa maoni yake, ilikuwa nyuzinyuzi.

Nadhani alikuwa na haraka kidogo. Mtu anayekufa kwa malaria utotoni hafiki umri wa saratani ya utumbo. Na hakuwa na vifaa vya kuona hizo nyuzinyuzi zinamlisha nani mle ndani.

Hilo likaja kuonekana hapa kwetu. Mwaka 2014 watafiti wa Ulaya na Marekani walichapisha matokeo ya bakteria wa Wahadzabe 27. Mwaka 2017 wengine wakaonyesha kwamba bakteria hao hubadilika kwa misimu, kiangazi cha nyama na mizizi, masika ya asali na matunda pori. Mhadzabe wa porini anakadiriwa kupata gramu 100 au zaidi za nyuzinyuzi kwa siku. Mmarekani wa kawaida, kama 15. Kazi hii si ya stempu tena. Sampuli zinagandishwa, zinavuka bahari, mashine za vinasaba zinakula mamilioni, na fedha zinatoka nje. Sisi, kupitia COSTECH, tunatoa kibali. Anayelipa ndiye anayechagua swali. Swali linalolipiwa zaidi ni Mzungu amepoteza nini tumboni, si mtoto wa Mang'ola anapoteza nini anapotoka kwenye ubuyu na mizizi kuingia kwenye ugali wa sembe. Hilo la pili, mwanafunzi wa mwaka wa tatu mwenye mizani, daftari na bumu ya utafiti anaweza kabisa kuanza nalo.

Burkitt alifariki Machi 1993, Uingereza, akiwa na miaka 82. Mpaka uzeeni alizunguka kumbi za mihadhara akionyesha slaidi za vinyesi alivyopiga picha mwenyewe vichakani, na kumbi zikicheka.