Mwenye Heri Irene Stefani, Mama wa Huruma

Wapendwa wanakwaya na waumini, katika jubilei yetu tumkumbuke Sista Irene Stefani wa Shirika la Masista Wamisionari wa Consolata.

Alizaliwa mwaka 1891 huko Anfo, Italia, akafika Kenya mwaka 1915. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliwauguza wapagazi Waafrika katika hospitali za jeshi za Voi, Kilwa na Dar es Salaam. Wengi wao walifariki kwa magonjwa, mbali na kwao. Yeye aliwasafisha vidonda na kukaa nao hadi mwisho.

Tangu mwaka 1920 alihudumu Gikondi, Nyeri. Alifundisha watoto, akapanda na kushuka vilima kwa miguu kuwatembelea wagonjwa, hata wenyeji wakamwita Nyaatha, mama mwenye huruma. Mwaka 1930 alimuuguza mwalimu mmoja aliyeugua tauni. Akaambukizwa, akafariki tarehe 31 Oktoba akiwa na miaka 39. Alitangazwa Mwenye Heri huko Nyeri tarehe 23 Mei 2015.

Kila Jumapili tunaimba huruma ya Mungu. Hapa Muthara, jirani aliyelala kitandani anangoja kusikia hodi yetu pia.