Hafidh Sabri Koçi: Imamu Aliyetoka Gerezani

Albania ni nchi ya Ulaya yenye Waislamu wengi. Mwaka 1967 Serikali ya Kikomunisti ya Enver Hoxha ilipiga marufuku dini zote huko. Misikiti na makanisa yalifungwa. Mengine yakabomolewa, mengine yakafanywa maghala. Adhana ikanyamaza kwa zaidi ya miaka 20.

Wakati huo Hafidh Sabri Koçi, aliyezaliwa mwaka 1921, alikuwa tayari kifungoni. Alikaa gerezani miaka ipatayo 20. Misahafu ilikuwa haramu, lakini Kurani aliyoihifadhi moyoni hapakuwa na askari wa kuipokonya.

Ijumaa, tarehe 16 Novemba 1990, mzee huyo aliwasalisha maelfu ya watu katika msikiti wa kale mjini Shkodër, uliojengwa mwaka 1773. Wakatoliki wa mji huo walikuwa wametangulia siku chache tu kufanya misa yao hadharani.

Mwaka 1991 alikabidhiwa uongozi wa Jumuiya ya Waislamu wa Albania. Kazi ilikuwa nzito. Vijana wengi hawakujua hata kutawadha, na masheikh waliosalia walikuwa wazee wachache. Misikiti ikafunguliwa, madrasa zikaanza upya. Wala hakuhubiri kisasi. Alishirikiana na viongozi wa Kikristo, ambao waumini wao waliteswa vilevile, ili taifa lisigawanyike kwa dini.

Alifariki dunia mwaka 2004. Dola iliyomfunga ilikwisha anguka, na adhana ilikwisha rudi minarani.